Utendi Ubaoni: Neno "Epic" Lilivyotoka kwa Homer Hadi kwa Waandishi wa Programu

Mwezi wa Januari alinijia nyumbani mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, ambaye sasa huandika programu za kompyuta katika kampuni moja jijini Dar es Salaam. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alitoa karatasi yenye maneno ya Kiingereza kama thelathini. Wenzake walikuwa wamekubaliana kuendesha vikao vyao vya kazi kwa Kiswahili, naye akapewa jukumu la kutafuta istilahi. Mengi tuliyamaliza kabla chai haijapoa. Kazi zilizolimbikana zikisubiri zamu yake nilimwambia aziite viporo, kwa kuwa mahakama na vyama vya mpira vimelitumia neno hilo kwa maana hiyo miaka mingi, na hakuna sababu ya kutunga jipya. Kisha tukafika kwenye neno "epic".

"Utenzi," nikasema bila kufikiri. "Au utendi, ukipenda Kiamu. Hilo hata mtoto wa kidato cha pili analijua."

"Mwalimu," akasema kwa adabu, "hapa si shairi. Ni kazi kubwa isiyoweza kumalizika kwa wiki mbili."

Nilikasirika, wala sioni haya kukiri. Nilifundisha tenzi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kusikia kwamba jina la tungo za Homer sasa ni jina la kazi ya kutengeneza ukurasa wa kulipia ankara kulinifanya nihisi kama mtu aliyekuta kanzu yake imefanywa tambara la kufutia meza. Nilimwambia aache karatasi, nikaahidi jibu. Makala hii ni jibu lile, pamoja na njia niliyopita kulifikia, ambayo ilinirudisha kwenye kosa langu mwenyewe la miaka ya tisini nisilopenda kulikumbuka.

Kwa msomaji asiyezijua kazi hizi, naomba kwanza nieleze jambo lenyewe lilivyo. Waandishi wa programu hutunza kazi zao katika mfumo unaofanana na ubao wa darasani uliogawanywa safu: safu ya kazi ambazo hazijaanza, ya zinazofanywa, na ya zilizokwisha. Kila kazi ina kadi yake, na kadi husogezwa kutoka kushoto kwenda kulia kadiri kazi inavyoendelea. Wakati nao hukatwa vipande vifupi, aghalabu wiki mbili mbili, na kila kipande huitwa mbio. Kadi inayoweza kumalizika ndani ya mbio moja huitwa hadithi. Kadi iliyo kubwa mno, mathalani "mteja aweze kulipa ankara ya maji kwa simu", haiwezi kusogea hata mbio zipite tano, na ubao hukaa ukidanganya kwamba hakuna linalofanyika. Kadi ya namna hiyo ndiyo hupewa jina la "epic". Huvunjwa kuwa hadithi kadhaa, nayo ikawekwa juu yao kama mzazi juu ya watoto. Chini ya hadithi huweza kuwapo vijikazi. Ngazi ni hizo tu, ingawa mashirika makubwa hupenda kuongeza nyingine juu, na kila ngazi inayoongezwa huzaa kikao chake.

Sasa turudi nyuma. Neno lenyewe limetoka katika Kiyunani cha kale. *Epos* maana yake ni neno, usemi, na baadaye utungo wa masimulizi. Kivumishi chake ni *epikos*, kilichopitia Kilatini hadi kufika katika lugha za Ulaya. Tuliweke hilo akilini: asili ya "epic" iko ulimini. Ni jambo linalosemwa. Iliad ina mishororo zaidi ya 15,000, na yeye na mwenzake Odyssey kila mmoja amegawanywa vitabu 24, sawa na idadi ya herufi za alfabeti ya Kiyunani. Wataalamu wengi huona mgawanyo huo ni kazi ya wahariri wa baadaye, si ya mtunzi. Nao waghani waliozunguka mijini wakizighani tungo hizo waliitwa kwa jina lililotokana na kitenzi cha kushona, yaani washonaji wa nyimbo. Kwa hiyo hata huko kwa Homer kulikuwa na suala la vipande na uzi unaoviunganisha.

Kutoka hapo narukia karne ya 20, Marekani, kwa sababu huko ndiko neno lilikovuliwa joho la fasihi. Kuvunja kazi kubwa kuwa matawi na vijitawi hakukuwa jambo geni kule. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na mbinu zake za kupanga ujenzi wa kombora la Polaris mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960 Wizara ya Ulinzi iliufanya mchoro wa mti wa kazi kuwa kanuni kwa wakandarasi wake. Lakini matawi ya mti ule yalikuwa ni sehemu za chombo: injini, mwili, mitambo ya kuongozea. Hakuna aliyeyaita hadithi.

Hadithi ziliingia kupitia mishahara. Mwaka 1996 Kent Beck aliitwa kuunusuru mradi wa kampuni ya magari ya Chrysler uliokusudiwa kulipa mishahara ya wafanyakazi wake wote kwa mfumo mmoja. Mradi huo hujulikana kwa kifupi kama C3. Desturi ya zama hizo ilikuwa kuandika kwanza vitabu vinene vya maelezo, kisha kuanza kujenga, kisha kugundua baada ya miaka kwamba kilichojengwa sicho kilichotakiwa. Beck alileta kadi za karatasi. Tayari mwaka 1989 yeye na Ward Cunningham walikuwa wamechapisha makala kuhusu kutumia kadi kufundishia usanifu wa programu. Kwenye mradi wa Chrysler kila kadi ilibeba jambo moja ambalo watu wa mishahara walitaka mfumo uwafanyie, kwa sentensi moja au mbili, kwa lugha yao wenyewe. Aliliita jambo hilo hadithi. Kadi haikuwa mkataba. Ilikuwa ukumbusho kwamba watu wawili wana jambo la kukaa na kuzungumza. Ron Jeffries, aliyefanya kazi katika mradi huohuo, aliifupisha kanuni hiyo mwaka 2001 kwa maneno matatu ambayo kwa Kiswahili ningeyaita kadi, mazungumzo na uthibitisho.

Sitaficha kwamba mradi wenyewe haukufika mwisho. Mfumo ulianza kulipa wafanyakazi kama 10,000 mwaka 1997, na mwaka 2000 Chrysler ikausimamisha kabla haujawafikia wengine. Lakini kitabu cha Beck kilikwisha kutoka mwaka 1999, na mwezi wa Februari 2001 watu 17, Beck, Cunningham na Jeffries wakiwamo, walikutana Snowbird katika jimbo la Utah wakatia saini tamko fupi ambalo ndilo limeipa njia hii ya kazi jina lake la wepesi. Napenda kuligusia hili la C3 kwa sababu watoa semina hulisahau. Mbegu ilitoka katika shamba ambalo halikuvunwa lote.

Mtu akishaita kila kazi hadithi, swali linalofuata halikwepeki: hadithi iliyo kubwa mno tuiiteje? Waingereza wana neno la hadithi kubwa. Kitabu kilichalieneza ni cha Mike Cohn kuhusu hadithi za watumiaji, kilichochapishwa mwaka 2004. Humo hadithi iliyopita kiasi huitwa "epic", naye akabainisha kwamba ziko za namna mbili. Ya kwanza ni furushi: ukiifungua unakuta hadithi nyingi ndogo zilizofungwa pamoja. Ya pili ni kubwa kwa asili yake, kwa kuwa ina jambo gumu au lisilojulikana ndani yake, na kabla ya kuivunja inabidi mtu atumwe akachunguze. Ubainishaji huo niliuona wa maana sana. Mwalimu yeyote anajua tofauti kati ya mada ndefu na mada ngumu. Mada ndefu huikata kwa vipindi, ngumu huikati mpaka uisome mwenyewe kwanza.

Mwaka mmoja kabla ya Cohn, Bill Wake alikuwa ameandika sifa sita za hadithi njema, mojawapo ikiwa udogo, na akatoa mfano wa keki ya matabaka. Mtu akitaka kuonja keki, usimpe tabaka lote la chini leo na kumwahidi la juu mwezi ujao. Mkatie kipande kinachopita matabaka yote, hata kiwe chembamba. Katika programu, matabaka ni hazina ya data chini, kanuni za hesabu katikati, na ukurasa anaouona mtu juu. Kujenga hazina yote kwanza ni kukata kwa mlalo. Kujenga njia moja nyembamba, mteja mmoja, ankara moja, malipo ya aina moja, kutoka juu hadi chini, ni kukata kwa wima. Nilipousoma mfano huu niliuweka mkononi muda mrefu, kwa sababu nitakayoieleza punde.

Kuhusu vyombo vyenyewe nitapita haraka. Jira, ambayo ndiyo anayotumia mwanafunzi wangu, ilitolewa mwaka 2002 huko Sydney, Australia, na kampuni ya Atlassian iliyoanzishwa mwaka huohuo na vijana wawili, Mike Cannon-Brookes na Scott Farquhar. Jina lake ni kipande cha Gojira, ambalo ni jina la Kijapani la zimwi la filamu ya mwaka 1954 linalojulikana kwingineko kama Godzilla. Kabla ya hapo walikuwa wakitumia mfumo wa kufuatilia kasoro uitwao Bugzilla, na utani ukazaa jina. Wapenzi wa ngano wataona kwamba zimwi na utendi wamekutana tena. Mwanzoni chombo hicho kilikuwa cha kuorodhesha kasoro tu. Mwaka 2009 Atlassian ilinunua nyongeza iitwayo GreenHopper iliyoleta ubao wa kadi, na baadaye "epic" ikawa aina ya kadi inayojitegemea, yenye jina na rangi yake. Ndani ya kila hadithi paliwekwa nafasi ndogo ya kuandikia jina la "epic" inayohusika. Nafasi hiyo iliitwa kiungo. Miaka ya karibuni imebadilishwa ikaitwa mzazi. Mtu akifungua "epic" huona hadithi zake zote na ni ngapi zimekwisha, hata kama hadithi hizo zimetawanyika katika mbio na mikono mbalimbali.

Hapo kwenye kiungo ndipo hasira yangu ilipoanza kupoa.

Beti ya utenzi, kama wasomaji wa ukurasa huu wajuavyo, ina mishororo minne, kila mmoja mizani nane. Mitatu ya kwanza hubeba kina kimoja, na kina hicho hubadilika kutoka beti hadi beti. Mshororo wa nne una kina chake, nacho hakibadiliki tangu beti ya kwanza hadi ya mwisho. Ndicho kina cha bahari. Ukiichukua beti moja peke yake, ni kitu kamili: ina mwanzo, ina wazo, ina kituo. Lakini mshororo wake wa nne unasema ni ya utenzi gani. Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani, wenye nakala ya mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000, na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kufa kwake, una beti zinazokaribia 3,000. Hakuna awezaye kuutunga utungo wa namna hiyo kwa kikao kimoja. Hutungwa beti kwa beti, na mtunzi akiitwa na Mola kabla ya tamati, beti alizokwisha kuzitunga hubaki nzima. Hakuna mtunzi aliyepata kuandika mishororo ya kwanza ya beti zote elfu, kisha akarudi kuandika ya pili. Watunzi wetu walikata kwa wima miaka 275 kabla ya Bill Wake na keki yake.

Kuna na jambo la tamati. Utenzi wa kale haukatiki tu hewani. Mtunzi hufunga kwa dua, aghalabu hujitaja, huitaja tarehe, na wengine huhesabu beti zao ili mnakili asipunguze wala asiongeze. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye wasia huko pwani ya Kenya karibu na mwaka 1858, alifunga kwa kutaja hesabu ya beti. Mwanafunzi wangu aliposikia hivyo alicheka kwa uchungu kidogo. Kwenye ubao wa kampuni yao, alisema, kuna "epic" iitwayo Maboresho, imefunguliwa miaka minne, ina kadi zaidi ya mia mbili, na hakuna anayejua ni jambo gani likitokea itahesabiwa imekwisha. Imekuwa kapu la kutupia kila kadi isiyo na kwao. Nikamwambia huo haukuwa utenzi. Huo ni uwanja wa soko.

Basi neno. Nilianza kwa kujiuliza kama "utenzi" ni tafsiri ya haki. Lipo pingamizi zito, nami nitalitoa kabla ya kutoa hoja yangu. "Epic" ya Kiingereza katika matumizi haya ni ukubwa tu. Utenzi wa Kiswahili kwanza ni umbo. Wasia wa Mwana Kupona una beti 102 tu, hauna vita wala shujaa, na ni utenzi bila ubishi. M. M. Mulokozi ametenganisha maneno haya mawili ambayo wengi wetu tuliyafundisha kama ndugu pacha: utenzi akaufanya jina la umbo la shairi, na utendi jina la utungo wa kishujaa, uwe wa umbo lolote. Tukimfuata, kinachokaribia "epic" ni utendi.

Lakini kilichonishawishi ni mzizi. Utendi na utenzi vyote vimetoka katika kitenzi tenda. Sauti imegeuka katika utenzi kwa kanuni ileile inayotoa mapenzi katika penda, mlinzi katika linda na mpanzi katika panda. Katika utendi haikugeuka. Katika ukoo huohuo wamo kitendo, mtendaji, utendaji, na hata kitenzi chenyewe cha sarufi. Mzizi wa Wayunani ni wa kusema. Wa kwetu ni wa kufanya. Waandishi wa programu wa Marekani ilibidi waliazime neno la masimulizi na kulivuta kwa nguvu hadi kwenye kazi, na ndiyo maana mtu anayelisikia mara ya kwanza hushangaa, kama nilivyoshangaa mimi. Mswahili akiiita kazi kubwa utendi halivuti neno popote. Analirudisha nyumbani.

Nikafika mbali zaidi, nikapendekeza kwamba hadithi nayo iitwe beti, na kijikazi kiitwe mshororo. Hapo mwanafunzi wangu alinikatalia, na nadhani yuko sahihi. Beti zote zina mizani sawa, alisema, ilhali kadi zao hazilingani. Moja huchukua nusu siku na nyingine wiki nzima, na wakizikadiria huzipa alama tofauti tofauti. Isitoshe, hadithi ya mtumiaji inakusudiwa kuzungumzwa na kubadilika, na beti iliyokwisha kutungwa haibadiliki. Nimefundisha watu wanijibu, sina budi kukubali nikijibiwa. Utendi ukabaki na hadithi zake. Ubaya wa istilahi zetu nyingi, na mjadala wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi ni ushahidi, ni kwamba mtungaji wa neno hupenda kufunga milango yote siku moja.

Sasa nije kwenye lile la miaka ya tisini. Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya sekondari wilaya ya pwani, mwaka 1991, walimu watatu tulianza kukusanya msamiati wa wavuvi na waunda vyombo wa vijiji vya jirani. Niliyekuwa na wazo ni mimi, na niliyeandika mpango ni mimi. Mpango ulikuwa na hatua nne: kwanza kukusanya maneno yote, pili kuandika maana za maneno yote, tatu mifano na michoro ya yote, nne kupiga chapa. Ulipendeza kwenye karatasi. Nilikuwa nimefunzwa chuoni kuandaa azimio la kazi, na hili lilifanana na azimio la kazi.

Mwalimu wetu mkuu katika jambo hili alikuwa mzee mmoja fundi wa mashua. Jioni tulikaa naye ufukweni akitaja maneno, sisi tukiandika kila neno kwenye kadi yake: mkuku, mataruma, foromali, omo, tezi, ngama, na mengine mamia. Mara kadhaa alitaka kueleza. Alishika ubao, akaanza kuonyesha kwa mkono jinsi kitu kinavyokaa. Nami nikamwambia, kwa heshima zote, "Mzee, maana tutakuja kuziandika hatua ya pili." Naikumbuka sauti yangu ikisema hivyo.

Kufikia mwaka 1996 tulikuwa na kadi kama 1,900 ndani ya makasha ya sabuni, na hatukuwa na ukurasa hata mmoja ambao mtu angeweza kuusoma. Mwenzetu mmoja alihamishwa. Mwaka 1997 mzee akafariki. Mwishoni mwa mwaka huohuo zikaja mvua za El Niño, paa la stoo likavuja, na kilichosalia baada ya maji na mchwa ni kadi zisizozidi 1,200. Miongoni mwa hizo, maneno 63 sijayaona katika kamusi yoyote niliyonayo. Najua tu kwamba yalikuwa ni maneno, na kwamba palikuwa na mtu aliyejua maana zake na alitaka kuniambia.

Kwa miaka mingi nililaumu mvua. Nilipomsimulia mwanafunzi wangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, samahani. Ule ulikuwa utendi uliokatwa kwa mlalo." Lilikuwa neno letu jipya, na mara yake ya kwanza kutumiwa lilinitumika mimi. Akanieleza ambavyo angeupanga. Angeanza na ngalawa peke yake: maneno yake 40 hivi, maana, mfano, mchoro, kurasa nane za kupiga chapa, imekwisha. Kisha dau, kisha mashua, kisha tanga na kamba zake. Mwaka 1992 tungekuwa na kijitabu kidogo cha ngalawa ambacho mzee angekishika mkononi na kutusahihisha. Mvua ingeyakuta mengine nje, lakini si hayo.

Alifungua kompyuta yake mpakato palepale na kuniandalia ubao. Mimi nilitaka utendi uitwe "Kamusi ya Bahari". Akakataa, akaniuliza utaisha siku gani. Tulibishana karibu saa nzima, tukatoka na tendi sita badala ya mmoja, kila mmoja una sentensi moja juu yake inayosema nini kikitimia umekwisha. Wa kwanza ni wa ngalawa: "Mwanafunzi wa darasa la saba aweze kusoma kurasa nane na kutaja sehemu za ngalawa bila kuuliza." Chini yake kuna hadithi tisa. Ni jambo la ajabu kwa mtu wa umri wangu kusogeza kadi kwa kidole na kuona mstari ukiongezeka rangi, nami nakiri kwamba nimewahi kuigawa kadi moja mbili bila sababu ya maana, ili nipate kusogeza mara mbili. Aligundua, akazirudisha pamoja.

Hadi ninapoandika haya, hadithi sita kati ya tisa zimekwisha. Ya saba imekwama safu ya katikati tangu Machi: inahusu jinsi mrengu unavyofungwa, nami nina maneno manne ya kamba na vifungo ambayo vitabu vinatofautiana na kadi zangu zimefifia. Mtoto mmoja wa yule mzee, naye sasa ni fundi, yu hai na anafanya kazi kwenye ufuo uleule. Nitapanda basi Jumatatu. Nimechukua kadi hizo nne tu. Zile 63 nimeziacha nyumbani, zina utendi wake.